Figo la Casilda

Nyumba 5-D, Barabara ya 172 Magharibi,
Washington Heights,
New York.

Jumapili, 22 Oktoba 2023

Mpendwa dada yangu Digna,

Kabla sijasema neno lolote, naomba baraka yako. Najua umeshajibu "Mungu akubariki" hapo ulipokaa, hata kama bado umeninunia, kwa hiyo naendelea.

U hali gani? Goti la kushoto linakusumbuaje siku hizi za mvua? Na kikohozi cha Amaurys kimekwisha, au mwanao bado analala na madirisha wazi kama asiye na mama? Sisi huku ni wazima. Nimeliandika neno hilo "wazima" na kulitazama mara mbili, maana ni miaka minne sijaliandika bila kudanganya kidogo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zetu zimekuwa kelele tupu. Mimi napiga mayowe, wewe unasema "Eeh? Eeh?", majirani zako wote wa Tenares wanazijua habari zangu kabla yako, na mwisho unakata. Tangu Agosti mwaka jana huzipokei kabisa. Amaurys anasema ni masikio. Lakini mimi umenilea tangu nina miaka sita, na najua si masikio. Ni aibu. Na aibu hiyo huistahili hata kidogo. Soma mpaka mwisho utaona.

Baridi imeanza kubisha. Jana nimetoa makoti kabatini. Saluni bado ipo na bado nasimama siku tano kwa wiki. Jumamosi wanawake wanajaa mpaka mlangoni kunyooshwa nywele, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Miguu inalalamika, lakini mdomo unafurahi.

Sasa nikuambie habari za Radhamés. Amaurys alikueleza kwamba mume wangu alipata mtu wa kumpa figo na kwamba mambo yalikwenda salama. Hakukuambia ni nani, kwa kuwa mimi nilimkataza. Nilitaka uyapate kwangu, na yote.

Unakumbuka mtu niliyeolewa naye: aliyebeba jokofu mgongoni ghorofa tano, peke yake, akifika juu anaimba. Presha ilimla mafigo yote mawili kimya kimya. Mwaka jana alikuwa anakwenda kwenye mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anakaa saa nne ameunganishwa na mirija, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Akirudi nyumbani rangi yake ni ya majivu. Na bado alishika ufagio, kwa kuwa nyumba hii tunakaa kwa sababu ya kazi yake ya kutunza jengo. Asipofagia ngazi na kutoa mapipa ya taka, hatuna pa kulala. Chakula nacho kilikuwa vita. Daktari alimkataza ndizi, maharagwe, parachichi na machungwa. Radhamés akamwuliza, "Sasa, daktari, si ungesema tu niache kuwa Mdominika?"

Ndipo wewe ukajitolea. Hukuombwa na mtu. Ulipanda basi mpaka Santiago na goti lako hilo, ukafunga kula kwa ajili ya vipimo, ukatoa damu, na wakakuambia haiwezekani kwa kuwa una kisukari ambacho hukukijua. Amaurys aliniambia ulitoka pale umekumbatia mkoba kwa mikono miwili, hivyohivyo mpaka Tenares. Kesho yake ukaacha kupokea simu zangu.

Hapo tulibaki kwenye orodha ya hospitali pamoja na maelfu ya wengine. Don Eligio, mwenye duka la kona, alibandika picha ya Radhamés kwenye kioo cha duka, kati ya tangazo la kahawa na lile la bahati nasibu. Watu wanne walikwenda kupimwa. Wote wanne wakakataliwa.

Januari hospitali wakapiga simu. Mtu amepatikana, damu zinapatana, na hataki jina lake litajwe. Radhamés aliweka simu chini, akakaa akiitazama friji kama ndiyo iliyosema.

Sasa lazima nikueleze Casilda Peguero ni nani.

Anakaa 4-D, chini yetu kabisa. Ana miaka hamsini na nne, mjane, mtu wa Moca, anafanya kazi ya kupiga pasi mashuka hotelini, na sauti yake inapita ukuta. Binti yake mmoja tu yuko Florida. Casilda ni shabiki wa Águilas damu damu. Msimu wa besiboli ukianza anatundika bendera ya njano dirishani ili Radhamés aione vizuri, maana Radhamés ni wa Licey tangu tumboni mwa mama yake. Lakini hayo yalikuwa mzaha. Ugomvi wa kweli ulitokana na vyungu.

Casilda alikuwa amepanda oregano na pilipili kwenye ngazi za chuma za nje, zile za kukimbilia moto ukitokea. Mkaguzi akaja akamwamuru Radhamés aondoe kila kitu. Radhamés akavitoa vyungu, akaviweka kwa uangalifu mzuri kwenye chumba cha mitambo ya joto chini ya jengo, na kwa siku mbili joto likakausha kila jani. Mbegu za ile oregano Casilda alipewa na mama yake, na mama alikuwa ameshafariki.

Miaka sita hakumsalimia. Akimkuta kwenye lifti, yeye anapanda ngazi. Nywele zake nilizitengeneza mimi muda wote huo, maana kazi ni kazi, na pale kwenye kiti changu alimwita mume wangu "yule muuaji wa majani" huku akinitazama kwenye kioo.

Basi, Jumapili moja ya Februari, mchana, nakanda unga wa sambusa za nyama, mlango ukagongwa. Ni Casilda, ana karatasi mkononi. Nikajua bomba letu limevuja kwake.

"Mumeo yuko?"

"Amejilaza."

"Afadhali. Sijamfuata yeye." Akaiweka ile karatasi mezani, juu ya unga. "Andika jina lako hapo. Na namba ya simu."

"Ya nini hii?"

"Hospitali wanataka jina la mtu atakayenitunza nikitoka. Kunipikia, kuniinua, kuniogesha. Binti yangu hawezi kuja, ana kichanga. Nimewaambia mtu ninaye. Nimewadanganya. Andika."

"Casilda! Unaumwa nini?"

"Siumwi kitu. Nina afya ya punda. Wamenipima miezi mitano, wamebakisha kope tu."

Nikaisoma. Hospitali ni ileile yetu. Tarehe kumi na nne Machi, ileile ya upasuaji wa Radhamés. Nilitaka kukaa, kiti nikakikosa, nikaishia sakafuni na mikono yangu ya unga.

"Usinililie," akasema. "Ukilia nitalia, na nikilia nitawapigia simu niahirishe, maana kisu nakiogopa kuliko shetani."

"Lakini kwa nini, mama? Wewe, kati ya watu wote?"

"Kwa nini nini? Mimi ninayo mawili, yeye hana hata moja. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nne naiweza." Akavuta pumzi. "Na dirisha langu linatazama mlango wa mbele. Namwona anarudi kutoka kwenye mashine, anashika ukuta, anapumzika, halafu anachukua ufagio. Mwaka mzima nimejiambia, Casilda, usiangalie. Nimeshindwa. Ila vyungu vyangu sijamsamehe. Hilo alijue."

Radhamés alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, na soksi tu, ameyasikia yote. Akasema, "Kaa basi, Casilda, unywe kahawa."

"Nitakunywa," akajibu. "Kahawa ya Nereida, si yako."

Akakaa. Akanywa vikombe viwili. Mimi nikaandika jina langu, na ile karatasi ilikwenda hospitalini na alama za vidole vyangu vya unga.

Siku ya upasuaji walimwingiza yeye kwanza. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Alinishika mkono tukasali rozari, akakosea mafumbo, akaanza upya, na kabla hawajamsukuma alimwekea nadhiri Bikira wa Altagracia kwamba akiamka atakwenda kanisani kwake Higüey kumshukuru kwa miguu yake mwenyewe. Miaka kumi na tisa hajaikanyaga nchi yetu. Saa chache baadaye daktari alitoka akasema wote wawili wameamka, wanaendelea vizuri.

Wao waliamka, dada. Figo halikuamka.

Madaktari walituambia hutokea, kwamba figo likihamishwa huweza kulala siku kadhaa. Siku ya kwanza mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu. Ya pili, mtupu. Ya tatu wakamrudisha kwenye mashine, na hapo nikajifungia chooni, nikauma taulo, nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Na huku mtaani kila mtu alikuwa na swali moja tu. Natoka kwenye treni ya chini ya ardhi, Don Eligio ananipigia kelele kutoka dukani, "Amekojoa?" Kwenye ngazi, "Bibi Nereida, amekojoa?" Wateja wangu wameinamia beseni na povu kichwani wanauliza, "Vipi, bado?" Jumapili kwenye misa, padre aliwaombea wagonjwa kwa sauti kubwa na heshima zote, kisha wakati wa komunyo akaniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, amekojoa?" Nikatikisa kichwa. Akafumba macho, akaenda kwa mwingine.

Casilda walikuwa wamemruhusu Ijumaa. Nilimlaza kwenye kitanda changu, mimi nikalala kwenye kochi. Nilimpikia supu ya kuku yenye mihogo na magimbi, hakuigusa. Aligeukia ukutani.

"Nimempa kibovu," akasema.

"Hujampa kibovu. Walilipima."

"Limegoma, Nereida. Limefungua macho, limejikuta ndani ya mtu wa Licey, limegoma." Alitaka kucheka, kidonda kikamvuta, na machozi yakamtoka. "Nimekatwa bure. Na yeye atakufa akiwa na kitu changu tumboni. Watu watasema ni kwa sababu nilimpa kwa kinyongo."

Nilimpaka mafuta miguuni, nikamkanda, kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi nikiwa na homa. Tulikaa hivyo mpaka akasinzia.

Jumatatu asubuhi, siku ya sita, namsaidia kuvaa gauni, simu ikalia.

"Nereida."

"Sema."

"Nimekojoa."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nikamwuliza kiasi gani, akasema hajui, nesi anacheka, anatafuta chombo kikubwa zaidi. Casilda akaninyang'anya simu, na kidonda chake na yote.

"Radhamés! Ni mimi! Rangi gani?"

Nilimsikia mume wangu akisita upande wa pili. "Njano."

"Njano!" Casilda akapiga yowe. "Njano ya Águilas! Mungu mkubwa! Nyie mnasikia? Njano!" Halafu akakaa kitandani taratibu, akajifunika uso kwa mto, na mabega yakaanza kutikisika. Nilisikia Radhamés naye analia kwenye simu. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu huyo akilia katika miaka thelathini na moja.

Mimi nikafungua dirisha. Baridi ikaingia, sikujali. Nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza: "Don Eligio! Amekojoa!" Don Eligio alikuwa amebeba kreti la ndizi mbichi, akaliacha lianguke, akainua mikono yote miwili. Kinyozi akatoka na mashine yake ikinguruma. Dereva mmoja wa teksi akauliza, "Nani amekojoa?" wakamweleza, akapiga honi, na wa nyuma yake akapiga, na wa nyuma yake, mpaka barabara nzima ikawa kama tumechukua ubingwa.

Tangu siku hiyo figo halijalala tena. Ijumaa Kuu daktari alimruhusu bakuli dogo la maharagwe matamu ya Kwaresima. Nilimpikia kwa maziwa ya nazi na viazi vitamu, kama wewe. Alikula kijiko kimoja kimoja.

Kuna jambo jingine lazima ulijue. Wiki kumi na moja Radhamés hakuweza kuinua hata ndoo, na jengo hili halikuchafuka siku moja. Hatukumwomba mtu. Wazee wanaocheza domino hapa mtaani walichukua zamu ya mapipa ya taka. Mwalimu wa 3-B alipiga deki ngazi kila Jumamosi, amevaa lulu zake masikioni. Mwanaume mmoja wa ghorofa ya sita, ambaye hata jina lake la kwanza sikulijua, alishinda kwenye chumba cha mitambo akizima na kuwasha joto kwa maelekezo ya Radhamés, kwa simu kutoka kitandani. Radhamés aliporudi kazini alikuta balbu zote zinawaka. Alipanda na kushuka ghorofa zote sita akishika vitasa vya milango.

Ukiniuliza kama yeye na Casilda sasa ni marafiki, sijui nikujibu nini. Wanagombana kila siku, ila sasa wanagombania mezani kwangu. Msimu wa besiboli umeanza juzi tu na tayari Casilda amemwambia kwamba Licey wakifungwa ni kwa sababu kile kipande chake kilicho ndani ya Radhamés kinawaombea mabaya. Radhamés anamjibu, "Na nikiumwa kiuno nitajua umefungua mdomo." Vyungu Casilda hajasamehe. Anasema bado anafikiria.

Sasa wewe.

Amaurys ameniambia vidonge vya sukari huvimezi, kwamba unavitia kwenye kopo na kusema huumwi popote. Radhamés naye hakuumwa popote, dada. Daktari wake nilimweleza habari zako, akaniambia kisukari kama hicho kikiachwa kinayaharibu mafigo vilevile, taratibu, na mtu anakuja kujua wakati hakuna la kufanya. Wewe kimegunduliwa mapema, na kimegunduliwa kwa sababu ulipanda lile basi. Hukwenda bure Santiago. Ulikwenda kunipa figo moja, ukarudi na nafasi ya kuyaokoa yako yote mawili. Nakuomba uitumie. Sina dada mwingine.

Na uniache nikuambie jambo ambalo kwenye simu lingekuwa mayowe. Siku Amaurys alipopiga kunieleza umekwenda kupimwa, Radhamés alikuwa ameanza kusema kwamba amechoka, kwamba hataki tena mashine, bora apumzike. Hakumwambia mtu ila mimi. Aliposikia kwamba wewe, na goti lako, umetaka kukatwa kwa ajili yake, aliona haya kukata tamaa. Alfajiri ya Jumatatu iliyofuata aliamka, akavaa koti, akaenda kwenye mashine bila mimi kumsukuma. Casilda alipopatikana alimkuta hai. Wewe ndiye uliyemweka hai mpaka hapo. Hujanikosea kitu, Digna. Pokea simu.

Mwisho, kaa chini kabla ya kusoma hili. Daktari amemruhusu kusafiri. Tunakuja. Tunafika tarehe kumi na tatu Januari, watatu: mimi, Radhamés na Casilda. Tutakaa kwako, kisha tutakwenda wote Higüey siku ya Bikira, ishirini na moja, Casilda atimize nadhiri yake, na baadaye atakwenda Moca kumtembelea mama yake makaburini. Radhamés atavaa barakoa ndani ya ndege na kwenye umati, msimcheke. Mchinjie kuku, lakini apikwe aive kabisa, ndivyo daktari alivyosema. Casilda anakula kila kitu na anakoroma. Mpe chumba cha nyuma.

Nisalimie Amaurys na mke wake. Nisalimie komadre Eufemia, ndugu yetu wa ubatizo, mwambie picha za ubatizo zimefika na mtoto amechukua pua ya babu yake, Mungu amsaidie. Mjomba Chepe mpe mkono wangu, na umwambie kofia yake ya sufu nimeshainunua. Kwenye kaburi la Mama niwekee maua meupe.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, ayapunguze maumivu ya goti lako, akutunze mpaka nikufikie.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea, ninayekupenda kuliko kalamu hii inavyoweza kusema,

Nereida

Dada Digna, mimi ni Casilda. Nereida ametoka kutafuta stempu, nami nimeisoma barua yako bila ruhusa. Samahani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mtu alijitolea kabla yangu. Huku watu wananishukuru mpaka dukani sipati nafasi ya kununua mkate, na shukrani zote nimekuwa nikizipokea kama zangu peke yangu. Kumbe nusu ni zako. Nakuja nazo.